Mguu wa Mama Geuza

Shangazi yangu alipewa wiki mbili aamue kama bado anautaka mguu wake wa kushoto. Wiki ya kwanza akaitumia kwenda kazini, kana kwamba aliyeambiwa ni mtu mwingine.

Kazi yenyewe ni kuosha mayavuyavu. Kama hujawahi kukutana na yavuyavu, hongera zako. Ni yule kiumbe wa baharini aliye kama mwavuli wa ute, hana mfupa, hana uso, hana haya. Akikugusa anakuchoma kama upupu uliopakwa moto, na hata akifa ufundi wake wa kuchoma haufi naye siku hiyo. Zamani alikuwa takataka tu. Siku hizi akijaa baharini analetwa kwa lori kwenye banda letu, na wanawake kumi na wanne waliovaa glavu hadi viwikoni wanamgawa: kofia huku, mikono kule. Kofia nyingi hulowekwa kwenye chumvi na shabu, shabu ile ile ambayo kinyozi hukupaka kidevuni baada ya kukukata na kukupa pole, mpaka zinanywea na kuwa ngumu. Hizo hupakiwa kwenda kwa watu wa mbali wanaopenda chakula kinacholia menoni. Mikono na makombo hukaushwa, husagwa, huchanganywa na udongo wa vitalu vya miche, maana unga wake hunywa maji na kuyang'ang'ania. Na kofia chache zilizo safi kuliko zote huvuka ua kuja maabara, ninakofanya kazi mimi, mwosha chupa mwenye cheo kirefu. Huko tunatoa kolajeni, protini ile inayofanya ngozi yako isining'inie kama shuka kwenye kamba, na daktari wetu anaitengenezea bandeji nyembamba za kujaribu kwenye vidonda vilivyogoma kupona.

Kofia hizo safi zilitoka meza moja tu, ya shangazi.

Bandani walimwita Mama Geuza. Wenzake walikuwa wakimshika yavuyavu, kisu mara moja, kofia ndani ya beseni, haya mwingine. Shangazi alimgeuza kila mmoja tumbo juu, akaingiza vidole viwili chini ya kofia, akavizungusha polepole pande zote, akatazama. Ndipo alipokata. Mmoja mmoja, tangu asubuhi hadi king'ora cha kutoka. Wenzake wakimaliza beseni tatu, yeye yuko kwenye moja na nusu.

"Shangazi yako anawasalimia," mama mmoja wa meza ya jirani aliwahi kuniambia. "Bado kuwauliza watoto hawajambo."

Msimamizi wa banda, mtu mwenye sauti kubwa kuliko mwili, alikuja siku moja akasimama nyuma yake. "Mama Geuza, unatafuta nini humo? Pete ya ndoa?"

Visu vyote vikasimama. Maji tu ndiyo yaliyoendelea kutiririka mferejini. Msimamizi alikuwa mgeni, hakujua. Mtu akamvuta shati akamnong'oneza, na tangu siku hiyo yule bwana alipita meza ya shangazi kwa kuzunguka nje ya banda, mvua au jua.

Nami nitakwambia alichonong'onezwa.

Upande wa pili wa ghuba kuna kituo cha umeme. Kinavuta maji ya bahari ili kupoza mitambo, na pale yanapoingilia kuna tundu kubwa la saruji lenye vyuma kama dirisha la jela. Wanaliita Mdomo. Mayavuyavu wakija kwa wingi wanauziba ule Mdomo, pampu zinakabwa, na mji unakosa taa. Mume wa shangazi alikuwa kwenye kundi la watu wanne wanaoshuka na reki kuwakwangua. Kila mmoja alinukia siki, maana siki ndiyo dawa yao ya kwanza wakichomwa, na yeye alinukia kuliko wote hadi akabatizwa jina hilo. Siki. Nilimpenda sana. Alikuwa akinikuta nimenuna, ananiambia nimsogelee anigeuze kachumbari.

Sasa, mafundi wa Mdomo walikuwa na utaratibu wao ambao haukuandikwa kwenye kitabu chochote cha usalama. Chini ya ovaroli walivaa stokingi za wake zao. Nailoni ile nyembamba inatosha kabisa kuuzuia mwiba wa yavuyavu usifike kwenye ngozi, na ovaroli za kazini zilikuwa pana, maji yakiingia na mayavuyavu wanaingia. Basi wanaume wanne wenye ndevu walikuwa wakikaa kwenye benchi la kubadilishia nguo, wanavuta stokingi hadi kiunoni, wanasifiana miguu. "Leo umetoka, bibie." "Asante mwaya, nimetumia mafuta ya transfoma." Shangazi alikuwa na jozi moja tu nzima, na kila jioni aliifua akaianika.

Miaka kumi na mmoja iliyopita, Siki alishuka bila hizo stokingi. Mshika kamba wake alisema alimsikia akipiga kelele, akamwona ameinama kushika paja kwa mikono miwili, mikono yote miwili, ameachia ngazi. Pampu moja ilikuwa imezimwa, nyingine ilikuwa inavuta. Kamba ilirudi nyepesi. Walikausha shimo la pampu, wakatafuta siku tatu. Walichopata ni reki. Wakaileta nyumbani, watu wawili kutoka ofisini wamevaa suti, wanaikabidhi reki kwa mikono miwili kama cheti.

Hakukuwa na kaburi. Shangazi akaichukua ile reki akaenda kwenye jaa ambako malori yalimwaga mayavuyavu waliokwanguliwa Mdomoni wiki ile, akaanza kuwageuza. Alifanya hivyo siku nne. Lakini yavuyavu ni maji yaliyovaa ngozi. Jua liliwayeyusha mbele ya macho yake, lundo likashuka kutoka kifuani hadi magotini, kutoka magotini hadi kwenye viatu, hadi pakabaki kama mahali palipomwagwa uji. Mimi nilipelekwa kuishi naye ili nyumba isiwe na mtu mmoja. Lilipofunguliwa banda la mayavuyavu miaka michache baadaye, yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza getini, kabla hata ya mlinzi.

Ndiyo hivyo. Watu wakisifu usafi wa kofia zake, kwamba hazina mchanga, hazina vipande vya plastiki, hazina visamaki vilivyojificha, mimi nilikuwa natikisa kichwa tu. Hakuwa anasafisha.

Mguu ulianza na mkwaruzo. Ukingo wa meza ya chuma, juu kidogo ya kifundo. Buti lake lilikuwa limepasuka, akaliziba kwa utepe wa gundi, akaendelea kusimama kwenye maji ya chumvi. Mkwaruzo ukawa kidonda, kidonda kikawa donda ndugu, lile linalokaa na wewe mwaka wa kwanza, mwaka wa pili, linajua ratiba yako. Mishipa ya damu ya mguu ule ilikuwa imechoka, hospitali walisema, na nyama ikikosa damu haina cha kujengea. Mwishoni nilikuwa najua amefika nyumbani kwa harufu kabla ya kusikia mlango.

Daktari wetu ndiye aliyemwona. Ni mwanamke kijana, ana viatu vinavyolia kwenye sakafu ya vigae hadi wagonjwa wanajua kupanga nyuso zao kabla hajafika. Alikipima kidonda kwa kukichora kwenye plastiki angavu, akaishika ile plastiki kwenye dirisha. Ukubwa wa kiganja.

"Mama, sitakuficha. Kikifika mfupani, mguu unakatwa. Kimebakiza kidogo sana. Nakupa wiki mbili, tena kwa kuiba. Lakini kuna bandeji yetu. Imefanya vizuri kwa baadhi ya watu, si wote. Nataka tuijaribu kwako."

"Ile ya mayavuyavu," shangazi akasema.

"Ile ile. Tena kwa kofia zako mwenyewe! Na raha yake ni kwamba haibanduliwi. Hakuna yale maumivu ya kuivuta kila asubuhi. Inayeyuka taratibu, inaingia, mwili unajenga juu yake."

"Inaingia wapi?"

"Ndani yako, mama. Inakuwa sehemu yako."

Daktari alisema hivyo kwa furaha kama anayetoa zawadi. Shangazi akateremsha gauni likafunika mguu, akasimama, akasema ahsante, akatoka. Alikuwa na adabu ya kutisha.

Nilimfuata nyumbani. Ilikuwa mchana, dirisha la jikoni wazi, jua limelala juu ya meza. Nikaanza na maneno yangu ya kitaalamu, maana nusu ya stashahada ni hatari kuliko kutosoma kabisa.

"Shangazi, sikiliza. Yavuyavu anaishi mwaka, akijitahidi sana miwili. Hawa wa sasa si hata vitukuu vya wale wa siku ile. Hawajui lolote."

"Wakifa wanakwenda wapi?"

"Wanaoza. Wanaliwa. Wanakuwa maji."

"Maji gani?"

"Ya bahari."

"Haya. Na hao wapya wanajijenga kwa kitu gani?"

Nikageuza macho dirishani.

"Shule umesoma nusu na hili nalo umejua nusu," akasema. "Bahari haina jaa la kutupia, mwanangu. Kilichoingia kimo. Kinabadilisha nguo tu."

"Kwa hiyo unaona yeye..."

"Sioni kitu. Natazama tu. Miaka yote hii natazama, sijaona kitu." Alinyoosha mguu kwenye kigoda. Bandeji ya kawaida ilikuwa imeshalowa manjano. "Wewe unafikiri nawaogopa kwa sababu walimuua. Hapana. Hawa hawana akili, wanakwenda maji yanakowapeleka. Mwenye akili nilikuwa mimi."

Ndipo aliponiambia. Siku ile kulikuwa na harusi ya binti wa jirani. Asubuhi Siki alisimama mlangoni pa chumba, ameshika begi la kazini, akaulizia stokingi. Shangazi alikuwa ameshazivaa, amekaa kitandani anajitazama vifundo. Akamwambia, leo nazivaa mimi, nami ni mtu, kila siku nakufulia mavazi yangu uende ukaringe nayo kwa wenzako.

"Akasemaje?"

"Akacheka. Akasema, zimekupendeza kuliko mimi. Akaenda." Aliikwangua meza kwa ukucha, mahali ambapo hapakuwa na uchafu. "Nilicheza sana siku ile. Walinifuata ukumbini bado nacheza."

Hakuna mtu aliyekuwa anajua. Miaka kumi na mmoja watu wamempa pole, wamemwita mjane mwema, naye anaitikia.

"Sasa wewe niambie," akasema. "Kitu kilichomfikia yeye kwa sababu yangu, nikitie mwilini kinitibu? Niponee hapo hapo alipofia? Nitakuwa mtu wa namna gani?"

"Utakuwa mtu mwenye miguu miwili."

"Toka jikoni kwangu."

Nikatoka. Nikasikia kutoka sebuleni akizungumza, sauti ya chini, ya kawaida kabisa, kama mtu anayemwuliza mwenzake kama chumvi imetosha. Sikurudi kutazama anazungumza na nani. Nimeishi nyumba ile tangu utotoni, kuna vitu nilijifunza kutovitazama.

Wiki ya pili alilazwa, kwa sababu homa ilikuwa imepanda. Siku ya kumi na tatu tulikuwa kwenye chumba kidogo kilicho kabla ya chumba cha upasuaji, chenye kitanda kimoja, saa ya ukutani iliyosimama, na kalenda ya kampuni ya dawa. Muuguzi mwanamume, mpole, mwenye utani wa kazini, alikuja na kalamu ya wino wa zambarau, akachora mstari kuuzunguka mguu chini ya goti.

"Usiogope, mama, ni ramani tu," akasema. "Daktari wa upasuaji asije akapotea njia."

Shangazi akautazama ule mstari. Akautazama mguu ulio chini yake, kidonda na vidole, kama anatazama mzigo wa abiria mwingine.

"Mkishakata mnaupeleka wapi?"

Muuguzi akatua kalamu. "Watu wengi hawaulizi."

"Mimi nauliza."

"Unachomwa, mama. Kuna tanuri nyuma ya chumba cha kufulia. Unachomwa na vitu vingine."

"Vitu gani?"

"Vya hospitali tu. Sindano, pamba. Majivu yanachukuliwa na gari."

Nilisikia viatu vya daktari vikilia ukumbini, vinakuja, maana alikuwa amekuja kuomba mara ya mwisho. Shangazi alikuwa anatembeza kidole juu ya wino wa zambarau, taratibu, kama alivyokuwa akivizungusha vidole chini ya kofia.

"Yeye ameingia majini," akasema, na hakuwa akimwambia muuguzi wala mimi. "Mimi mguu mmoja utangulie motoni, mwingine ufuate udongoni. Tutakutana wapi sasa?"

Daktari akasimama mlangoni. Hakuelewa kitu, lakini alikuwa na akili ya kutouliza.

"Hiyo yako inayoingia," shangazi akamwambia, "ikishaingia inatoka?"

"Haitoki, mama."

"Hata nikipona?"

"Hata ukipona. Hatuwezi kuitenganisha na wewe tena, hata tukitaka."

"Basi ilete."

Kulikuwa na fomu ya kujaza. Palikuwa na mstari mmoja unaosema mgonjwa ameeleza kwa maneno yake kwa nini anakubali. Daktari alitafuta macho yangu, kwa kuwa mimi ndiye niliyeshika karatasi. Nikaandika: *Anataka kubaki na mguu wake.* Ni uongo wenye ukweli ndani, na muhuri ukapigwa juu yake.

Waliosha kidonda, wakakata nyama iliyokufa, wakaiweka. Ukiitazama ni kama utando wa maziwa yaliyopoa, unaona hadi upande wa pili. Ilipogusa nyama, shangazi alivuta pumzi kwa meno. Daktari akauliza kama inauma. Akatikisa kichwa. "Ya baridi," akasema. Na baridi ilimfurahisha, nilimwona; alifumba macho kama mtu aliyesikia mlango wa nyumba ukifunguliwa saa anayoitarajia.

Sikiliza, sitakudanganya kwamba ilikuwa miujiza. Wiki mbili za kwanza hakuna kilichobadilika ila homa ilishuka. Bandeji ya pili ilikataliwa na mwili upande mmoja, ikatoa usaha, na daktari wa upasuaji akaanza kupita karibu na kitanda akipiga mluzi. Bandeji ya tatu ikashika. Kila Jumatano daktari wetu alichora kidonda kwenye plastiki, nami nikabandika zile plastiki ukutani maabara kwa mpangilio: kiganja, kiganja kisicho na kidole gumba, jani la mchungwa, kifungo cha koti. Wiki ya kumi na tisa aliweka plastiki juu ya mguu, akashika kalamu, akakosa cha kuchora.

Ngozi mpya ilikuwa nyembamba, inang'aa, haina kinyweleo hata kimoja. Daktari alilia kidogo akasingizia dawa ya kuoshea sakafu. Shangazi aliibonyeza ngozi kwa kidole.

"Inahisi?" daktari akauliza.

"Inanijua," shangazi akajibu, na daktari akaandika kwenye faili kwamba fahamu za ngozi zimerejea.

Bandani hakurudi. Daktari alimkataza kusimama kwenye maji ya chumvi, na nilitegemea vita, lakini alikubali kama mtu aliyeambiwa kazi imekwisha. Kofia za maabara zikaanza kuja na mchanga. Nyumbani alikuwa akikaa mchana kwenye kigoda, mguu juu ya mto, kiganja juu ya ile ngozi, anazungumza. Si maneno makubwa. Bei ya mafuta ya taa. Nani amehama. Mara moja nikiwa napita nilisikia anaomba msamaha, kisha akanyamaza kwa kitambo kinachotosha mtu mwingine kujibu, kisha akacheka kidogo. Nilikwenda kusimama barabarani hadi nilipoona watu.

Wodi ya vidonda wakamwomba awe anakuja kuzungumza na wagonjwa wanaoikataa bandeji. Wanaikataa wengi: wengine kwa kinyaa, wengine wanasema watawashwa maisha yao yote. Nilikuwepo siku ya kwanza, nimebeba sanduku la bandeji. Alikuwapo mlinzi mzee wa ghala, mguu wake wa kulia umevimba hadi kwenye goti, na alikuwa ameshamfukuza daktari mara mbili.

Shangazi akavuta kiti, akapandisha gauni hadi kwenye goti, akamwonyesha.

Mzee akainama kuangalia. "Ilikuuma?"

"Haikuuma."

"Unawashwa?"

"Siwashwi."

"Sasa mbona ukiishika unaishika hivyo, kama umempakata mtoto?"

Shangazi akautazama mkono wake uliokuwa umelala juu ya ngozi ile. Hakuuondoa.

"Baba, nikuulize. Una mtu wako aliyebaki majini?"

Mzee akafikiri vizuri, akihesabu watu wake kwa kutikisa kidevu. "Hapana. Wangu wote tumewazika, nawajua walipo."

"Basi kwako itakuwa bandeji tu," akasema, akageuka akanipa ishara nifungue sanduku.